Chupa Aliyoitikisa Mzee Waliaula

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Mzee Waliaula aliwasha taa ya chumbani kwake, akaitazama kidogo, akaizima. Saa hiyo jua lilikuwa limeshapanda na mlango wake uko wazi, kwa hiyo wapangaji wote wa ploti walimwona. Dishon, fundi wa baiskeli aliyekaa chumba cha kwanza, hakuacha siku ipite.

"Mzee, umelipata?"

"Nini?"

"Jua. Nakuona unalitafuta na balbu."

Watu walicheka pale bombani. Mzee Waliaula pia alicheka, lakini nyuma ya wengine. Dishon alipenda kumalizia utani wake kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, na Mzee alikuwa Mbukusu wa Chwele. Mpaka mtu amwambie maana, wenzake walikuwa wameshanyamaza na kila mmoja amechukua ndoo yake, ndipo kicheko chake kikasikika, peke yake, hapo kwenye veranda.

Hakuwa anatafuta jua. Alikuwa anaangalia kama stima ipo. Laini iliyoleta umeme mtaani kwetu Migosi ilikuwa hiyohiyo iliyokwenda kwenye kituo cha utafiti alikofanya kazi, kile cha kupima lishe ya watoto wa kando ya ziwa. Taa ikikataa, Mzee hakungoja chai. Alikwenda mbio na viatu bila kufunga kamba, kwa sababu kule kulikuwa na friza lenye damu ya watoto mia nne kwenye vichupa, na jenereta ambayo ilimsikia yeye tu. Mama yangu alisafisha sakafu kituoni hapo. Alisema ile jenereta wengine waliivuta kamba mpaka mabega yakauma, lakini Mzee aliipiga kofi ubavuni kama ng'ombe, akavuta mara moja, ikalia.

Mlango wetu ulitazamana na wake. Kwa miaka sita sikuona mgeni akiinama kuingia mle. Mke wake, Nasipwondi, alifariki mwaka wa themanini na tisa. Kabla ya hapo watoto wao wawili walikwenda na surua, mwaka mmoja, wiki tatu katikati. Hayo alimwambia mama mara moja tu, na aliyasema haraka kama mtu anayetaja vituo vya basi. Jumapili alikwenda kanisa la Friends, akarudi, akafua shati lake, akaketi kulitazama likikauka.

Kwao Chwele alikuwa ametumika zahanati miaka kumi na tisa. Alifunga vidonda, akachemsha sindano, na zaidi ya yote alichanganya penisilini. Ile ilikuja unga ndani ya chupa. Unaingiza maji kwa sindano, halafu unatikisa. Unatikisa kwa nguvu mpaka donge la mwisho liishe, kwa sababu donge likiziba sindano mtoto atachomwa mara mbili. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo alijifunza kutikisa bila kutazama, mkono mmoja ukifanya kazi hiyo na mwingine ukishika mtoto. Alihesabu siku moja akasema ametikisa zaidi ya chupa elfu thelathini. Alijivunia jambo hilo. Hakuna mtoto wa Chwele aliyechomwa mara mbili kwa sababu ya donge lake.

Ile chupa nyingine, ya kituoni, ilifika Machi, mwaka wa tisini na sita. Ilitoka ng'ambo kwa ndege, ndani ya sanduku jeupe lenye barafu inayotoa moshi. Mama alikuwepo ilipofunguliwa. Alitarajia kitu kikubwa. Kumbe ni kichupa cha ukubwa wa kifundo cha kidole, na ukikiinua kwenye mwanga unaona kama hakina kitu, ukungu tu umeshika pembeni.

"Hii ndiyo mmeingojea tangu Krismasi?" mama alimwuliza Mzee.

"Hii hii, Mama Aoko. Na usiipumulie."

Jioni Mzee aliketi kwenye veranda yake akamweleza mama, na mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Alisema vitamini A ni ya mafuta, na damu ni maji, kwa hiyo vitamini haiwezi kutembea yenyewe kutoka ini mpaka machoni. Inabebwa. Kuna protini ambayo kazi yake ni hiyo tu, kubeba vitamini A, kama mtu wa mkokoteni pale soko la Kibuye. Na mtu wa mkokoteni hatoki nyumbani kama hana mzigo. Mtoto ambaye vitamini imemwishia, wabebaji wake wanabaki ndani ya ini, na ukipima damu unawakuta wachache. Ukijua hesabu ya wabebaji, umejua hali ya mtoto.

"Sasa hiyo iliyo kwenye chupa?"

"Ni hao wabebaji wenyewe. Wamehesabiwa huko ng'ambo, tunajua ni wangapi. Tunapima damu ya mtoto kando yao. Ndio kipimo chetu."

"Wametolewa kwa damu ya nani?"

"Hakuna. Siku hizi watu wanaogopa damu ya watu, na wana haki. Walichukua yale maagizo ambayo mwili wa mtu unatumia kuitengeneza protini hiyo, wakayatia ndani ya bakteria. Bakteria wakafuata maagizo. Ni protini ya mtu kabisa, lakini haijawahi kukaa ndani ya mtu."

Dishon, aliyekuwa akiziba tyubu karibu, akasema, "Basi hiyo haina kwao. Ikifa itazikwa wapi?"

Mzee alicheka siku hiyo pamoja na wengine, maana Dishon alisahau kutumia Dholuo.

Mtu wa kuiyeyusha ile protini alikuwa Lornah, fundi wa maabara, lakini Lornah alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo. Daktari Obiero, mkubwa wa kituo, alimwambia Mzee aifanye yeye. Karatasi ya maelezo ilikuwa ndani ya sanduku. Ilisema tia maji yaliyotengenezwa, kiasi fulani. Ilisema weka gizani. Ilisema gawanya kwenye vichupa vidogo, ugandishe, na ukishayeyusha kimoja usikigandishe tena. Na ilisema, kwa herufi nzito, usitikise.

Mzee aliisoma mara mbili. Aliosha mikono, akatia maji kwa sindano. Halafu simu ikalia mezani, akageuza kichwa kutazama kama kuna mtu wa kuipokea. Alipogeuka tena, mkono wake wa kulia ulikuwa unatikisa.

Alisema hajui ulitikisa muda gani. Labda pumzi tano. Kifundo cha mkono kilikuwa kinacheza vizuri, kwa haraka, kama zamani. Ndani ya chupa kulikuwa na povu mpaka shingoni, jeupe, kama la sabuni.

Protini si penisilini. Ikipigwa mpaka ikatoa povu, inajikunja vibaya, inaharibika, na iliyoharibika kipimo hakiioni tena. Mzee alijua hivyo. Aliiweka chini akaketi akiitazama mpaka povu likatulia. Ilipotulia, ilikuwa maji safi, na hakuna jicho la mtu ambalo lingetofautisha. Akaigawanya kwenye vichupa arobaini, akaandika tarehe kwa kalamu isiyofutika, akaviweka ndani ya friza, akafunga kwa ufunguo. Halafu akaenda kupokea simu, ambayo ilikuwa imekatika zamani.

Majibu yalianza kutoka mwezi wa nne, na yalikuwa mazuri. Kijiji baada ya kijiji, watoto walionekana wana vitamini ya kutosha. Kituoni walifurahi. Daktari Obiero alinunulia watu soda. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: kijiji ambacho watoto wake wamepungukiwa kinaandikwa kwenye orodha, na kilichoandikwa kinaletewa vidonge vya vitamini A, vile laini ambavyo mhudumu anakata ncha na kumminyia mtoto mdomoni. Kijiji ambacho watoto wake wako sawa kinaachwa, vidonge viende kwenye shida.

Nyandeche kiliachwa. Ni kijiji cha wavuvi, na Mzee mwenyewe ndiye aliyekwenda huko kutoa watoto damu. Na Rosa alitoka huko.

Rosa aliuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, kwa kopo la kupimia liitwalo gorogoro, akipita ploti hadi ploti kila Jumamosi mchana. Alikuwa mtu wa sauti. Ukimsikia langoni ulijua ataanza na nani.

"Mzee wa sindano! Leo unanunua au unanitazama tu?"

"Nanunua, mama. Dalmas yuko?"

"Mwanangu? Yuko. Lakini amekuwa kuku siku hizi." Akacheka. "Jua likianza kuinama tu, anatafuta ukuta. Jana amekanyaga ugali wa babake. Sisi tunamwita Gweno, na wenzake wote wa pale ni hivyohivyo, ukiwaita jioni wanakuja na mikono mbele. Babake anasema ni uvivu wa kuchota maji."

Sisi tulicheka. Gweno ni kuku. Mzee hakuuliza maana, na hakucheka, si mbele wala nyuma. Gorogoro ilikuwa mkononi mwake na omena zilikuwa zinamwagika.

"Anaona vizuri mchana?"

"Mchana anaona mpaka nzi."

"Usimpige, Rosa," alisema. "Sio uvivu."

Siku iliyofuata alikuja mlangoni kwetu, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Alisimama nje mpaka mama akamwambia aingie, na alipoingia aliketi kwenye dumu la maji badala ya kiti. Akamweleza mama yote: simu, mkono, povu, friza. Wiki kumi na moja alikuwa na siri hiyo.

"Sijaelewa," mama alisema. "Umeharibu dawa?"

"Sio dawa. Ni kipimo. Angalia, Mama Aoko. Una kamba ya kupimia shamba, unajua ni mita kumi. Mtu ameikata katikati, hakukwambia. Ukipima shamba na hiyo kamba, utapata ni kubwa mara mbili. Shamba halijakua. Ni kamba."

"Kwa hivyo hao watoto..."

"Hawana kitu. Kwenye karatasi wameshiba, na macho yanakauka. Yakishakauka ile ngozi ya juu inapasuka, na hakuna kidonge cha kurudisha hiyo."

Mama akauliza kile ambacho mtu yeyote angeuliza. "Ukisema, watakufukuza?"

"Wanaweza."

"Na usiposema, nani atajua?"

"Hakuna," alisema Mzee. "Nimeiangalia upande wote. Hakuna atakayejua."

Jumatatu mama alikuwa anafuta madirisha ya korido, na mlango wa Daktari Obiero haukufungwa. Anasema Mzee aliingia na koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote.

"Daktari, kile kipimo cha mwezi wa tatu si kizuri. Nilikitikisa."

"Ulikitikisa vipi?"

Mezani palikuwa na chupa tupu ya wino. Mzee aliichukua akamwonyesha. Mama aliona kifundo kikienda, haraka, kwa ufundi, na Daktari akikitazama.

"Inatosha," Daktari alisema mwishoni. "Weka chini. Mzee, hukusoma karatasi?"

"Nilisoma. Macho yalisoma, mkono ukafanya yake."

"Unajua majibu ya Nyandeche yalitoka hapa juzi?"

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Daktari Obiero alikaa Milimani, kwenye boma lenye ua mrefu, na pale kituoni watu walimwona kama mtu wa mbali. Lakini mama anasema siku hiyo alivua miwani akajisugua macho kama mtu wa kawaida. Akasema kipimo kingine kitachukua miezi mitatu kuja. Kwamba damu mia nne zitarudiwa, Lornah ameziandikia ripoti nyumbani akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na ripoti hiyo sasa ni takataka. Kwamba wazungu waliotoa msaada watauliza kituo hiki kinaendeshwa na nani. Kisha akasema, polepole, "Ningekuwa wewe, sijui kama ningekuja."

"Nyandeche wafanywe nini, Daktari?"

"Kwa utaratibu, wangoje uchunguzi wa mwakani."

"Jicho halingoji mwakani."

Mama akaanza tena kufuta dirisha lililokuwa limeshafutwa.

"Andika," Daktari alisema. "Kwa mkono wako, na jina lako. Mimi nitaipeleka mwenyewe, na nitawaambia wasingoje kipimo kipya. Vidonge viende."

Mzee aliandika kwa Kiswahili, nusu ukurasa. Hakutaja simu.

Hawakumfukuza. Walimwondolea ufunguo wa friza, wakampa kazi ya kuosha vyombo vya glasi. Hakuna aliyemtukana. Ila chai ya saa nne walianza kuinywa chumba cha mbele, na yeye aliosha vyombo chumba cha nyuma, na hakuna aliyemwita. Lornah alirudi kazini, akaanza kupanga upya damu mia nne zitakazorudiwa kipimo kikija, na alimpita koridoni akitazama chini kama anayesoma orodha, hata pale ambapo mama aliona mikono yake mitupu. Hata Dishon alipunguza utani. Alikuwa amesikia, ploti haifichi kitu, na hakujua aanzie wapi. Asubuhi Mzee alifungua mlango, akafanya yake, akaondoka, na palikuwa kimya tu bombani.

Vidonge vilifika Nyandeche wiki ya pili ya mwezi wa saba. Rosa alikuja Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi, akipiga kelele tangu langoni.

"Mzee wa sindano! Gweno amekufa! Gweno hayuko tena! Mtoto anakimbiza mpira mpaka giza, sasa nitamwita nini?"

Watu walitoka vyumbani. Rosa alicheza kidogo na karai kichwani. Mzee alisimama mlangoni kwake, na uso wake ulikuwa umefunguka kama sijawahi kuuona. Alisema, "Asante, Wele. Asante." Kwao Wele ni Mungu.

"Karibu wote wako sawa," Rosa aliendelea huku akishusha karai. "Ni yule Selpha wa dada yangu tu. Yeye jicho moja lilikuwa limeshapasuka mwezi wa sita. Limekuwa jeupe kama la samaki aliyechemshwa. Lakini moja limebaki. Tumemshukuru Mungu kwa hilo moja."

"Mwezi wa sita," Mzee alisema.

"Mwanzoni. Nikupimie ngapi leo?"

Angeweza kununua omena. Rosa hakujua kitu, na sisi tuliokuwa tunajua hatungesema. Mama alimtikisia kichwa. Lakini Mzee aliketi kwenye kizingiti, akamwambia Rosa aketi pia, akamweleza kama alivyotueleza sisi, kamba na shamba na yote. Alisema, "Ningesema mwezi wa tatu, Selpha angekuwa na mawili."

Rosa alimsikiliza hadi mwisho. Halafu aliinuka, akajifunga leso upya, akapandisha karai kichwani.

"Ana miaka mitatu," alisema, na akatoka.

Jumamosi zilizofuata alipita ploti yetu kama kawaida, na sauti yake kama kawaida, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwa Mzee hakusimama. Alikuwa anaruka mlango huo kama mtu anayeruka dimbwi.

Chupa mpya ilikuja Septemba, na barafu yake ya moshi. Lornah ndiye aliyeiyeyusha. Daktari Obiero aliwaita wote maabara watazame, hata mama na ndoo yake, na akatuma mtu kumleta Mzee kutoka chumba cha nyuma.

"Njoo karibu, Mzee. Hapa mbele. Uone inavyofanywa."

Sidhani kama alikusudia vibaya. Mama pia hadhani. Watu walimpisha njia, akasimama mbele na mikono yake iliyolowa, akaificha nyuma. Lornah alitia maji taratibu, yateremke ukutani mwa chupa. Akaiacha kwanza. Kisha akailaza kati ya viganja vyake viwili akawa anaibingirisha, mbele na nyuma, polepole, namna unavyopasha joto mikono ya mtoto. Ule ukungu uliachia pembeni, ukazama, ukaisha. Hakukuwa na povu hata kidogo. Yote ilichukua kama dakika tatu.

"Kumbe ni hivyo tu," Mzee alisema.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikatiza. Lornah aliinua macho, akamtazama Mzee usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini, na mama anasema ilionekana anataka kumwambia kitu. Lakini vichupa vilikuwa vinangoja kujazwa, na protini haingoji.

Mzee alifungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Alilitundika kwenye msumari karibu na mlango, akanyoosha kola. Mama alidhani anakwenda kukausha mikono. Alimwona kupitia dirisha la korido akivuka uwanja, akipita jenereta bila kuitazama.

"Mzee, unatoka?" mlinzi alimwuliza langoni. Ilikuwa saa tano asubuhi.

"Natoka."

"Nikwandikie unarudi saa ngapi?"

Mzee alisimama akawaza, maana hakuwa mtu wa kudanganya kitabu cha lango.

"Acha wazi," alisema.

Mlinzi akaacha wazi. Mzee aligeuka upande wa barabara ya Kakamega, ambayo ndiyo pia njia ya kwao Chwele, jua likiwa juu ya kichwa, akitembea katikati ya watu wa sokoni kwa mwendo wa mtu anayejua aendako, na mlinzi alimfuata kwa macho mpaka shati jeupe likachanganyika na mashati mengine.